Katari niliyouziwa Hyderabad: feleji ya kuchora

Nimelala na hasira, nimeamka nazo, kwa hiyo mnisamehe nikipayuka.

Nilikuwa Hyderabad, nimempeleka mama kutibiwa. Tulipopata nafasi tukaingia makumbusho ya Salar Jung, nikaona majambia ya wafalme, nikapagawa. Siku mbili tatu baadaye niko dukani karibu na Charminar, nimeshika katari: lile jambia la Kihindi la kukamata kwa ngumi, mpini kama herufi H. Bapa zima mawimbi, utadhani maji yanatiririka. Muuzaji anaapa ni feleji, ile pua ya kale yenye mawimbi, ya miaka 200, chuma cha Konasamudram, kijiji cha India kilichosifika kwa feleji. Nasi watu wa pwani ukitutajia feleji umeshatumaliza.

Nikaomba nisugue padogo tu karibu na mpini. Akanipokonya. "Umekuja kununua au kunitahini?" Wateja wakacheka. Kwa aibu nikalipa. Aibu ni ghali, jamani.

Feleji ya kweli iliyeyushwa ndani ya chungu kilichozibwa, ikapoa polepole, kaboni ikajipanga humo humo. Mawimbi yake hayakai juu juu. Yafute kwa msasa, paka tindikali, yatarudi yale yale. Basi nyumba ya wageni nikasugua upana wa ukucha, nikapaka ile dawa ya mafundi redio ya kulia shaba. Kijivu. Nikapaka tena. Kijivu kama sufuria!

Nyota moja. Ila tuseme haki: chuma chenyewe kimefuliwa vizuri, ncha imeachwa nene kama zile za kutobolea deraya, vazi la chuma la vitani, na katari nyingi za kale hazikuwa za feleji hata kidogo. Angeniuzia hivyo hivyo, bila madoido, kwa nusu bei, leo ningemsifu. Haya, nyota mbili.

Nilipoirudisha hakunikaribisha hata kiti. "Mshukuru Mungu," akasema, "ingekuwa ya miaka 200 wangekunyang'anya uwanja wa ndege." Na ni kweli! Sheria ya India ya mwaka 1972 haimruhusu mtu binafsi kutoa nje kitu cha kale cha zaidi ya miaka 100. Kumbe wakati ananiapia umri, huku akinifungia vizuri kwa safari, alikuwa anajua.

Nyota moja. Na hiyo ni ya mama, aliyekuwa akinivuta mkono tangu mlangoni.