Uzoefu Wangu: Miaka Minne na TAL-U-NO-LX, Kando ya Juno-106 Halisi

Huu ni mwaka wa nne nikitumia programu ya kompyuta iitwayo TAL-U-NO-LX, inayoiga sauti za vinanda vya Juno, na muda wote huo sinthesaiza halisi ya Roland Juno-106, kinanda kinachotengeneza sauti zake kwa saketi za umeme, imekuwa juu ya meza ileile, hatua moja kutoka ilipo kompyuta. Naandika tathmini hii nikiwa na vyote viwili mkononi, na pia nikiwa na upendeleo ambao ni vyema niukiri mapema: mashine hizi za analogi nimezipenda tangu utotoni, na mtu wa namna hiyo hawi hakimu mwepesi kwa nakala zake.

Mapenzi yenyewe yalianzia kwa mjomba wangu, aliyekuwa mpiga kinanda katika bendi ya hoteli moja kaskazini mwa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku za mapumziko aliileta Juno-106 nyumbani, akaifunika kwa kanga ili vumbi lisiingie, na sisi watoto tulikatazwa kugusa chochote isipokuwa vitufe vya korasi, yaani ile athari inayoinenepesha sauti, ambavyo aliamini havingeweza kuharibu kitu. Basi kazi yangu ikawa hiyo: mjomba anashikilia kodi ndefu, yaani noti kadhaa kwa pamoja, nami nabonyeza kitufe cha kwanza, cha pili, kisha nazima. Kila nilipozima nilihisi kama mtu aliyefunga dirisha la chumba chenye upepo. Alikuwa pia na kaseti moja ambayo siku moja niliichomeka kwenye redio nikitarajia muziki, nikasikia mlio mkali kama wa nyenze, na nikachapwa kwa kuhofiwa kwamba nimeifuta. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mashine hiyo huhifadhi sauti zake 128 katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo, na kwamba mwenye busara alizinakili kwenye kaseti kabla betri haijafa.

Kwa wasiojua, Juno-106 ilitoka mwaka 1984 na ilikuwa mashine ya watu wa kawaida, si ya mastudio makubwa. Ina vibonye 61, ina uwezo wa kutoa noti sita kwa wakati mmoja, na kila noti ina osileta moja tu, yaani kifaa kinachozalisha wimbi la sauti. Osileta hiyo hutoa wimbi la meno ya msumeno, wimbi la mraba ambalo upana wake unaweza kubadilishwa, na wimbi la chini yake kwa oktava moja. Kisha kuna mvumo, filta inayochuja ukali wa sauti, na bahasha moja inayosimamia jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Hakuna kioo cha menyu. Kila kitu kina kitelezi chake, na ukikisogeza unasikia mabadiliko papo hapo. Wengi husifu mashine za zamani kwa sababu ya kuyumba kwa sauti zake, jambo ambalo ni kweli kwa sinthesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970, iliyohitaji kusubiriwa ipate joto na kurekebishwa tuni mara kwa mara. Juno haiko hivyo. Osileta zake zinaongozwa na saa moja ya kidijitali, na tuni yake imetulia kabisa. Kwa hiyo programu zinazoiiga na kuongeza kitelezi cha uzee ili sauti iyumbe hunichekesha kidogo, kwa maana zinatia ugonjwa ambao mzazi hakuwa nao.

Utamu wa Juno unatoka kwenye filta, na zaidi kwenye korasi. Korasi hiyo inatumia chipu ambazo hupitisha sauti hatua kwa hatua, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji hadi kwenye nyumba inayoungua, na muda wa kupokezana ukibadilishwa pole pole, sauti iliyocheleweshwa hupanda na kushuka kidogo dhidi ya ile asilia. Njiani maji kidogo humwagika: ndiyo ule mvumo mwembamba, kama redio iliyokosa stesheni, unaosikika kila korasi inapowashwa.

Mashine yangu niliinunua mwaka 2009, ikiwa imetumika, kutoka Japani. Nilitahadharishwa sana kuhusu chipu zake sita za sauti, kwa kuwa inajulikana kwamba utomvu mgumu uliozifunika huanza kupitisha umeme kadiri miaka inavyokwenda, hata noti moja katika kila sita ikapotea au ikakwaruza. Yangu ilikuwa imekwisha kubadilishiwa zote. Kile ambacho hakuna aliyenitahadharisha, au pengine sikusikiliza, ni kwamba mashine za soko la Japani ni za volti 100, nami niliichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wenye volti 240. Fyuzi ilijitoa mhanga, na fundi wangu, baada ya kunitazama kwa muda bila kusema neno, aliniandikia kwenye kikaratasi ukubwa wa transfoma niliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo.

Hewa ya bahari ndiyo adui mwingine. Vitelezi huanza kukwaruza baada ya miezi michache, na huhitaji kusafishwa na kusogezwa mara kwa mara. Mashine ina uzito wa takriban kilo 10, na kuibeba pamoja na transfoma yake kwenda kwenye harusi za usiku, ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, ni kuitafutia kifo. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nitafute nakala. Nilijaribu kadhaa. Jun-6 V ya Arturia, kampuni ya Ufaransa, ina mandhari nzuri na nyongeza nyingi kuliko nilizohitaji, na Roland wenyewe wana nakala yao ya Juno-106. Programu nyingine, ambayo sitaitaja, ilinidai intaneti ili ithibitishe leseni yangu dakika kumi kabla bibi harusi hajaingia ukumbini, na tangu usiku huo sijaifungua tena.

TAL-U-NO-LX inatengenezwa Uswisi, inauzwa kwa chini ya dola 100, na haina malipo ya kila mwezi. Ifahamike kwamba inaiga Juno-60 ya mwaka 1982, dada mkubwa wa mashine yangu, ambaye ana kipiga noti za mfululizo ambacho 106 haina, na ambaye vitufe vyake viwili vya korasi vikibonyezwa pamoja hutoa mzunguko wa kasi wa namna ya tatu. Tofauti hizo zipo, lakini ni za ndugu wa tumbo moja.

Nilifanya jaribio la nyumbani. Nilirekodi kodi ileile kutoka kwa mashine na kutoka kwa programu, vitelezi vikiwa mahali pamoja kadiri nilivyoweza, nikamwomba binti yangu azicheze bila mpangilio. Nilitambua sahihi karibu kila mara, nikajiona bingwa, mpaka yeye aliponiambia kwamba nilikuwa natoa jibu kabla kodi haijaanza. Ilikuwa kweli: nilikuwa nasikiliza mvumo wa korasi katika ule ukimya wa mwanzo. Alipokata ukimya huo, nilianza kukosea kama yeye. Filta ya programu ikifunguliwa taratibu ina ule unene uleule wa katikati, na korasi inatawanyika kushoto na kulia vilevile. Penye tofauti ninayoweza kuitetea ni pale filta inapolazimishwa kupiga mluzi yenyewe. Ya mashine ina ukali fulani unaouma, ya programu ina adabu zaidi.

Lakini sababu kubwa ya kuipenda programu hii ni jambo ambalo Juno halisi haikuwahi kuweza. Mimi hupiga taarab, na katika maqamu (mifumo ya kupanga noti) kama rast na bayati kuna noti zinazokaa kati ya vibonye. Rast ikianzia do, mi yake hushuka chini kwa kiasi cha robo toni. Wapigaji wenzangu hutumia vinanda vya dijitali vyenye vitufe vya robo toni, na sauti zake za fidla ni za kuazima. Juno-106 haina njia ya kushusha noti moja peke yake. Mjomba alikuwa akisukuma kijiti cha kukunja noti kwa kidole gumba, na kwenye kodi hilo haliwezekani kwa kuwa zote hushuka pamoja. TAL-U-NO-LX hupokea faili ya tuni, ambayo ni maandishi ya kawaida, na humo unaweza kuiambia kila noti ikae wapi. Nilianza kwa kuishusha mi senti 50 kamili, yaani robo toni, nikaona inasikika kama hesabu ya darasani, nikaipandisha kidogo kidogo nikifuatisha rekodi za waimbaji ninaowaamini, hadi ilipokaa penye senti 40 hivi.

Hapo nikagundua jambo la korasi ambalo sikuwahi kulifikiria. Kwa kuwa korasi huipandisha na kuishusha sauti kidogo, robo toni iliyopimwa kwa uangalifu hupakazwa. Kitufe cha pili, chenye mwendo wa kasi zaidi, huiharibu kabisa ladha ya bayati katika wimbo wa noti moja moja. Kitufe cha kwanza huvumilika. Kwa kodi pana za nyuma ya mwimbaji, hata hivyo, kupakazwa huko ndiko kunakotakiwa, kwani ndivyo fidla nne zinavyosikika zikipiga pamoja, hakuna mbili zinazokubaliana sawasawa. Siku hizi napiga wimbo bila korasi na kodi pamoja nayo, kwa nakala mbili za programu, kitu ambacho kwa mashine kingenidai Juno mbili, na moja tu sokoni huuzwa zaidi ya dola 1,000.

Kasoro zangu ni chache. Kusogeza kitelezi kwa kipanya ni kazi ya karani, kwa hiyo nililazimika kununua kinanda kidogo cha MIDI, kisicho na sauti yake bali cha kuiongoza programu, chenye vitelezi. Juno haijali nguvu ya kidole, ilhali programu inaweza kuijali. Niliuzima uwezo huo, kwani mkono wangu umejifunza kuitafuta hisia kwenye filta. Kuchelewa kwa sauti kunategemea kompyuta: nikiiambia ikusanye sampuli (vipande vidogo vya sauti) 128 kwa mkupuo, kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, ni chini ya milisekunde 3, na sihisi chochote; ila kwa joto la Mombasa feni ya kompyuta hulia kuliko muziki.

Mashine bado naiwasha kila Ijumaa jioni ili vitelezi visigande. Kaseti ya mjomba niliichezea kwenye tundu lake la kupokelea sauti, na baada ya majaribio mengi sehemu ya sauti zake ilirudi. Nimezihamisha kwenye programu moja baada ya nyingine, kwa sikio, maana kwenye mashine vitelezi havionyeshi kilichomo katika kumbukumbu. Zote zimekubali isipokuwa ile iliyoko nafasi ya A-43 ya kumbukumbu, aina ya filimbi yenye pumzi, ambayo kila nikidhani nimeipata, naisikiliza tena asubuhi na kukuta sijaipata.