Sushi ya usiku baada ya besiboli Jingu: panda treni vituo saba

Nianze na ushauri wenyewe, maana huenda unasoma hapa ukiwa umeshatoka uwanjani na tumbo linanguruma. Usihangaike kutafuta sushi pembeni ya Uwanja wa Jingu, Tokyo, usiku. Tembea hadi kituo cha Kokuritsu-Kyogijo, panda treni ya Oedo, hesabu vituo saba, teremka Tsukijishijo, kituo cha mtaa wa Tsukiji. Mimi nililijua hilo baada ya kuchoka miguu.

Japani huwa naenda kwa ajili ya magari. Mchana niko mnadani, usiku niko hotelini nakula tambi za kumwagia maji moto. Safari hii mwenyeji wangu, Mpemba mmoja aliyeoa hukohuko, akanijia juu: "Ami, leo hukai ndani kusoma namba za chesisi. Twende ukaone mpira wa rungu."

Jingu ni uwanja wa mwaka 1926, katikati kabisa ya Tokyo, hauna paa, na Babe Ruth mwenyewe, gwiji wa besiboli wa Marekani, alicheza pale 1934. Ni nyumbani kwa timu ya Swallows. Mchezo sikuuelewa vizuri, lakini mashabiki niliwaelewa mara moja. Kila timu yao ikipata pointi, jukwaa zima linafungua miavuli midogo, inarushwa juu chini, huku watu wanaimba Tokyo Ondo. Mara ya kwanza nilitazama mbinguni nikidhani mvua. Akina dada wenye mitungi ya bia mgongoni wanapanda na kushuka ngazi bila kuchoka. Mimi nilinunua chai baridi ya chupa, nikasema nitakula tukitoka.

Hapo ndipo nilipokosea. Besiboli haina dakika tisini. Ilianza saa 12 jioni, na ilipofika saa 4 usiku tarumbeta na ngoma zikanyamaza, mwenyeji akanieleza ni heshima kwa majirani wa uwanja, lakini mchezo wenyewe bado unaendelea. Timu zikilingana huongezewa awamu, yaani zamu za kupiga, hadi ya 12 ndipo iitwe sare. Namshukuru Mungu hatukufika huko. Tulitoka saa 4 na nusu, nikiwa tayari kula hata mwavuli.

Tukaanza na mitaa ya upande wa kituo cha Gaienmae. Duka la kwanza la sushi taa zinawaka, harufu ya siki inatoka hadi nje, nikafurahi. Kijana wa ndani akatuona, akakunja mikono yake kifuani ikawa alama ya X. Hakusema neno. Ukiona ishara hiyo Japani usibembeleze, geuka uende zako. Jikoni walishapokea oda ya mwisho. La pili hivyohivyo. La tatu bango lao limeandikwa kwamba wanafunga saa 25:00. Ishirini na tano! Mimi niliyelelewa na saa ya Kiswahili, ninayetoa sita kila nikiona saa ya simu, nilisimama pale nikijaribu kupiga hesabu. Kumbe ni saa 7 usiku. Wajapani hawaoni sababu ya kuanza siku mpya wakati watu bado wanakula.

Basi tukaingia kwa hao wa saa 25, na jina lao silitaji. Si duka la sushi hasa, ni baa ya vyakula. Tulipokaa tu tukaletewa visahani viwili vya mboga ambavyo hatukuviagiza, na kwenye bili vikahesabiwa. Usigombane nao kwa hilo. Kisahani kile kinaitwa otoshi, ni desturi, ni kama kulipia kiti. Tatizo langu lilikuwa sushi. Wali wa sushi unatakiwa uwe na uvuguvugu wa kiganja cha mkono, ukitiwa mdomoni uachane wenyewe punje kwa punje. Ule ulikuwa wa baridi, mgumu, umeshikana. Mama yangu angekitambua kitu kile kwa mbali: kiporo. Kiporo kilichovishwa samaki. Tukala vipande viwili viwili kwa adabu, tukalipa, tukatoka.

Mwenyeji akatazama saa. Treni za Tokyo hulala karibu saa 6 usiku, kwa hiyo ama hotelini ama Tsukiji. Nikasema Tsukiji.

Treni ya Oedo imechimbwa chini sana, unashuka ngazi za umeme mpaka unajiuliza kama utakutana na maji. Lakini hubadilishi treni popote: Aoyama-Itchome, Roppongi, Azabu-Juban, Akabanebashi, Daimon, Shiodome, halafu ya saba ni yako. Soko kubwa la samaki lililokuwa hapo tangu 1935 lilihamia Toyosu Oktoba 2018, ila vichochoro vya maduka ya nje vilibaki. Usiku vimefungwa, giza, sakafu bado ina maji, na harufu ya pwani. Nilijihisi niko Malindi, Unguja, alfajiri kabla ya mnada wa samaki.

Duka kuu la sushi la kampuni ya Sushizanmai huwezi kulipita. Nje kuna sanamu ya mwenye kampuni, Kiyoshi Kimura, kafungua mikono miwili kama anayekukaribisha harusini. Ndiye yule aliyenunua jodari mmoja wa kilo 278 kwa yeni milioni 333.6 kwenye mnada wa kwanza wa mwaka 2019 pale Toyosu. Mimi mtu wa minada nilipiga hesabu ya Vitz ngapi zingetoka kwenye samaki yule, nikaacha. Duka hili lilifunguliwa 2001 na lilijipatia jina kwa kutofunga usiku, na sisi tulilikuta wazi, limejaa nusu: wafanyakazi wa ofisini waliolegeza tai, madereva wa teksi, na wazee wawili wenye kofia za Swallows. Kumbe siri hii si yangu peke yangu.

Kaa kaunta, usikae mezani. Pale unamwona mpishi akilowesha vidole, anachota wali, anapaka wasabi, ile ya kijani inayowasha, kwenye samaki, anavikutanisha, anabonyeza mara mbili tatu, anakuwekea mbele. Sekunde chache tu. Na habari njema kwetu: kula kwa mkono si ushamba. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Shika kipande kwa vidole, kigeuze, chovya upande wa samaki kwenye sosi ya soya (ukichovya wali unalowa na kumeguka), tia chote mdomoni kwa mara moja.

Lugha ya kaunta nayo ina vituko vyake. Tangawizi ya siki wanaiita gari. Mpishi ananionyesha kibakuli, "Gari, gari," na mimi nimetoka mnadani, nikamjibu nimeshanunua manne. Wali wa sushi wanauita shari, kwa hiyo usishtuke ukisikia watu wazima wanasifu shari ya mtu. Wasabi huitwa namida, yaani machozi, na hilo halihitaji mkalimani. Ukitaka bila wasabi sema "sabi-nuki". Pweza ndiyo ilikuwa kazi, maana pweza kwa Kijapani ni tako. Mwenyeji alipopaza sauti kuniagizia tako mbili ilibidi niiname nijifanye nafunga kamba za viatu.

Sasa chakula. Tuliagiza jodari wa aina tatu. Akami ni mnofu mwekundu, chutoro ni wa mafuta ya kiasi, otoro ni wa tumboni, mafuta matupu. Jodari wetu wa Bahari ya Hindi kwa kawaida ni yule wa mapezi ya njano, nyama yake nyepesi, na sisi tunamchoma au kumtia kwenye mchuzi mpaka asahau alikotoka. Huyu wa kwao ni wa aina nyingine. Akami ilikuwa baridi kidogo, laini, ina ladha kama ya damu na chuma kwa mbali, halafu tamu inakuja nyuma. Nilifunga macho. Otoro watu wanaililia, inayeyuka kabla hujatafuna, lakini kwangu kipande kimoja kilitosha, ni kama kula siagi. Pesa yako iweke kwenye chutoro.

Pweza alikuja ameshachemshwa, mweupe pembeni zambarau. Mlaji wa Forodhani atakosa ndimu na pilipili, ila ulaini wake ni wa mtu anayejua kazi. Mkunga wa baharini, anago, huja amepakwa mchuzi mweusi mtamu. Wenzangu mnaochunga halali mjue kwamba mchuzi ule hupikwa kwa mirin au sake, ambazo ni pombe za mchele, na mkunga mwenyewe mara nyingi huchemshwa humohumo. Kuepuka mchuzi sema "shio", waweke chumvi tu. Mimi nilifanya hivyo na sidhani nilipoteza kitu. Kuhusu sosi ya soya na siki, kila mtu na fatwa yake.

Chai ya kijani ni ya bure, moto kweli, na inasafisha mafuta mdomoni kati ya samaki na samaki. Nilikunywa vikombe vinne. Bili ya watu wawili ilikuwa yeni 9,000 na ushei, tukiwa tumeshiba. Bakshishi usitoe, watakufuata nje wakidhani umesahau hela.

Tulitoka karibu saa 7, treni zimeshalala. Mkiwa wawili watatu na hoteli yenu iko upande wa Ginza au Shimbashi, teksi inavumilika. Mkikaa mbali, ama mmalize kula kabla ya saa 5 na nusu, ama mchukue kiti cha pembeni, vikombe vya chai, na msubiri treni ya alfajiri pamoja na wazee wa Swallows. Tulipokuwa tunaondoka walikuwa bado wanabishana kuhusu mrushaji aliyetolewa, na mmoja wao alikuwa amefungua mwavuli wake ndani.