Nguo za kijana anayeanza bweni: kipi namba moja, kipi namba tatu, na wapi usibane hela

Wazazi na walezi mnaojiandaa kumpeleka kijana bweni kwa mara ya kwanza, kuna jambo moja dukani hawatakuambia: hizo nguo unazonunua hutazifua wewe. Atazifua yeye mwenyewe, mtoto wa miaka 13 au 14, kwenye ndoo, ana haraka, nyeupe na za rangi anaziloweka pamoja, halafu anabanana na wenzake kwenye kamba na kesho asubuhi anatakiwa azivae. Au kama shule ina mashine basi zitazungushwa na nguo za watoto wengine kibao, na huko hakuna mtu anayesoma lebo ya ndani.

Ndo maana mi nikipanga ubora siangalii inavyopendeza kwenye hanga, naangalia itakauka kabla ya kesho, itastahimili kufuliwa vibaya, na kijana akirefuka itaweza kurekebishwa. Basi. Mpangilio wote hapa chini unatoka humo.

Kwanza kabisa ukae na orodha ya shule, na usinunue kitu hata kimoja kabla hujaisoma yote mpaka mwisho. Shule zinatofautiana kwenye vitu vidogo vidogo sana, bluu iliyokolea kiasi gani, soksi zinafika wapi, kisigino cha kiatu, sketi ya marinda au ya kunyooka, kama nguo za nyumbani zinaruhusiwa na ngapi. Ukishasoma, zigawe mbili. Vyenye nembo (sweta, tai, blezi, fulana ya michezo) nunua kule shule inakoelekeza maana rangi ikipishana kidogo tu mtoto ndo atasimamishwa paredi, sio wewe. Vile visivyo na nembo, yaani mashati, suruali, soksi, viatu, nguo za ndani, hapo ndo una uhuru wa kuchagua na ndo hela nyingi inapotea au inapookolewa.

Idadi je? Watu wanabahatisha wakati hesabu yake ni rahisi. Uliza shule siku za kufua ni zipi, hesabu siku zilizopo kati ya kufua na kufua, ongeza moja ya kukaukia na moja ya dharura. Kama anafua Jumatano na Jumamosi, siku nyingi kati yake ni nne, ina maana nguo za ndani na soksi angalau sita na hapo bado hujaweka za kupotea, kwa hiyo mi nasema chupi au boksa kumi. Mashati manne au matano yanatosha, suruali au sketi tatu, sweta mbili kama uwezo upo. Sweta moja ni tatizo, siku akiifua atashinda na baridi.

Mashati

Namba moja ni mchanganyiko wa poliesta na pamba. Lebo ya asilimia 65 poliesta na 35 pamba ndo imezoeleka kwenye mashati ya shule, ila kama anakoenda ni joto tafuta ya nusu kwa nusu. Hapa kuna sababu. Pamba inapenda maji, hata ikiwa kavu kabisa inabeba unyevu wa kama asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata 1. Ndo maana shati la pamba unalikuta asubuhi kola bado mbichi wakati la mchanganyiko lishakauka zamani. Pia halijikunji sana, na pasi bweni ni ya kugombania, mtoto anayeweza kulikung'uta shati, kulianika vizuri kwenye hanga na kulivaa bila pasi ameshapunguza tabu kubwa ya asubuhi.

Namba mbili pamba tupu. Ni nzuri mwilini na kama kijana ana ngozi inayowasha kirahisi au anatoka vipele basi kwake hii inapanda namba moja bila mjadala. Ila inarudi ikifuliwa. Pamba ambayo haijatibiwa kiwandani inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5, shati la urefu wa sentimita 70 likirudi asilimia 5 zimeondoka sentimita 3 na nusu, na mtoto naye huku anarefuka, unapata shati linalochomoka kwenye suruali kila akinyoosha mkono. Ukinunua pamba ifue mara moja au mbili kabla hujaamua kama saizi ni sawa.

Namba tatu ni poliesta tupu. Linakauka upesi kuliko yote na halipauki, lakini halinyonyi jasho na harufu ya kwapa inaling'ang'ania hata baada ya kufua, na umri huu ndo mwili umeanza jasho la kiutu uzima. Kijana akinuka darasani hatakuambia kwenye simu. Atanyamaza tu. Kwa hilo peke yake mi nisingemnunulia.

Kabla hujalipa, likunje shati kwenye ngumi uhesabu mpaka kumi uachie, ukiona mikunjo imebaki kama ilivyo ujue pasi itahitajika kila siku. Linyanyue kwenye mwanga, kama unaona vidole vyako vyote upande wa pili ni jepesi mno, na kwa binti hilo ni la kuangalia zaidi. Angalia kola maana ndo inaanza kuisha, na vifungo viwe vimeshonwa imara na kuna cha akiba ndani.

Suruali na sketi

Hapa namba moja ni mchanganyiko wa poliesta na viskosi (nyuzi laini za kiwandani zinazotokana na miti), ile inayoanguka vizuri mwilini, haing'ai ovyo na rangi inakaa. Namba mbili kaki nzito ya pamba na poliesta yenye mistari ya mshazari, hii ni ngumu sana kwa watoto wa kupanda na kuburuza, tatizo ikilowa ni nzito na kukamua kwa mkono ni kazi. Namba tatu poliesta tupu nyembamba, inang'aa makalioni na magotini baada ya muda kwa sababu ya msuguano na pasi ya moto sana.

Kama shule inataka sketi ya marinda, tafuta yenye poliesta nyingi. Poliesta inashika umbo kwa joto, marinda yakishabanwa kwa moto kiwandani yanabaki baada ya kufua. Kwenye pamba tupu marinda yanalala kila ikifuliwa na binti ataanza upya rinda moja moja na pasi.

Rangi iliyokolea ipime na leso nyeupe yenye maji, sugua pale kwenye upindo wa ndani. Leso ikitoka na rangi, hiyo nguo itaharibu mashati yote meupe kwenye ndoo wiki ya kwanza.

Sweta

Najua hapa wengi hawatakubaliana na mimi. Sufu tupu ni joto zuri kuliko vyote, inaweza kunyonya unyevu mpaka kama theluthi moja ya uzito wake na bado usijisikie umelowa. Lakini kwa bweni naiweka namba tatu. Mtoto akiiloweka kwenye maji ya moto na kuisugua, nyuzi zinashikana na inatoka imekuwa ya mdogo wake, na hakuna namna ya kuirudisha. Namba moja mchanganyiko wa sufu na akriliki (uzi wa kiwandani unaofanana na sufu), joto lipo na inavumilia. Namba mbili akriliki tupu iliyofumwa kwa kubana, inakauka haraka, ubaya wake inatoa vile vidonge vidogo vya nyuzi kwapani na kwenye mikono. Vuta ukingo wa mkono uachie, ikirudi pale pale nunua, ikibaki imelegea iache.

Na yoyote utakayochagua, mwambie asiianike kwa kuining'iniza ikiwa inachuruzika maji, itavutika. Aikamue ndani ya taulo na kuilaza.

Viatu, hapa usibane

Ukiwa na hela kidogo, punguza shati moja uongeze kwenye viatu. Kijana wa bweni anavaa kiatu kimoja kuanzia asubuhi mpaka jioni, siku zote, na mguu wake bado unakua.

Namba moja kiatu cha ngozi halisi ambacho soli imeshonwa, sio gundi tu. Ngozi inapumua, inachukua umbo la mguu, na fundi anaweza kuirudia. Namba mbili ngozi halisi na soli ya mpira ya gundi, ila omba fundi akaipige uzi kuzunguka soli kabla kijana hajaondoka, mapema, sio ikishaachama. Namba tatu ngozi bandia, ipo kwa mwenye bajeti ya kubana lakini inapasuka pale kidole kinapokunjia na ndani miguu inaloa jasho. Kuijua ngozi halisi tazama ukingo uliokatwa ndani, utaona nyuzi nyuzi zimesokotana, bandia unaona kitambaa kimepakwa tabaka la plastiki. Na jihadhari na viatu vilivyokaa stoo miaka mingi vinavyouzwa kwa bei ya kutupa, soli za povu la poliurethani zinaoza taratibu kwa unyevu wa hewa hata zisipovaliwa, mtoto anatembea siku chache soli inamomonyoka yote.

Kupima nenda alasiri au jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, avae soksi za shule, apime miguu yote miwili maana mara nyingi mmoja ni mkubwa, ununue kwa kufuata huo mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Usinunue saizi mbili zaidi eti atavikulia, kisigino kitapanda na kushuka, atapata malengelenge na kiatu kitapinda vibaya kabla hakijamtosha.

Ukubwa wa kuacha

Hili la atakulia ndo linanisikitisha zaidi. Kweli wanakua, kwenye kilele cha ukuaji wavulana wanaweza kuongeza kama sentimita 9 au 10 kwa mwaka na wasichana kama 8, wasichana wanaanza mapema zaidi kwa karibu miaka miwili. Lakini hawakui sehemu zote kwa pamoja. Nyayo zinatangulia, kisha miguu, kiwiliwili na mabega vinafuata baadaye. Kwa hiyo anayehitaji nafasi ni upindo wa chini, sio kiuno wala mabega. Mwambie fundi aache sentimita 6 au 7 zimekunjwa ndani ya suruali au sketi, na sentimita 2 kwenye mshono wa nyuma wa kiuno. Shati chukua saizi moja juu, mbili hapana. Mtoto wa umri huu akivaa nguo inayomning'inia anahisi bweni zima linamwangalia, na ugeni peke yake unamtosha.

Mpeleke dukani. Achuchumae, ainue mikono, akae. Akisema inabana, inabana.

Na nunua wapi? Suruali na sketi namba moja kwa fundi, kwa sababu ya huo upindo. Mashati namba moja ya dukani, kola ya kiwandani mara nyingi imesimama kuliko ya fundi wa haraka. Sweta na blezi, ulizia wanaomaliza shule, iliyotumika vizuri haina shida yoyote. Viatu vilivyotumika mi sishauri, vimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine.

Vya ndani na vidogo vidogo

Nguo za ndani ziwe za pamba zenye lastiki kidogo. Sidiria usinunue nyingi, mbili tatu zinazomkaa, saizi inabadilika haraka, ongeza akirudi likizo. Binti mwekee chupi za rangi ya giza na sketi moja ya ziada hata kama hajaanza hedhi, pamoja na pedi, na muongee kabla. Soksi nunua zote za aina moja rangi moja, ikipotea moja iliyobaki inaoana na yoyote. Taulo mbili nyembamba kuliko moja nene isiyokauka. Malapa ya mpira yasiyoteleza kwa ajili ya bafuni. Hanga za plastiki chache na vibanio.

Tenga mwezi mzima, nguo zote zifuliwe na kuvaliwa nyumbani kabla hazijaingia sandukuni, viatu avivae saa moja moja kila siku mpaka vilainike. Hizo wiki ndo za kumfundisha kushona kifungo, kutenganisha nyeupe na za rangi, na kwamba dawa ya klorini ni ya pamba nyeupe tu, kidogo, haigusi sufu. Jina lishonwe kwa uzi au kitambaa cha jina kwenye mshono wa ndani wa kiuno na nyuma ya kola, na soksi pia, ziandike chini ya unyayo kwa kalamu isiyofutika.