Nimuulize nani: muuguzi wa kliniki au mgonjwa mwenzangu?

Swali hili huzuka kila mara kwenye mabenchi ya kliniki za saratani, kuanzia hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, hadi Bugando, Mwanza.

Kwa wepesi na gharama, mwenzako anashinda. Yuko kwenye simu hata saa tano usiku, ilhali wengi humpata muuguzi siku ya kliniki tu, tena kwa kulipa nauli. Ndiye pia anayejua uji gani hukaa tumboni baada ya dripu ya dawa za saratani, kofia gani haiwashi kichwa kisicho na nywele, na namna ya kuwaambia watoto. Hayo sijaona kipeperushi kinachoyaeleza vizuri.

Kwa uhakika, muuguzi. Saratani ya mwenzako si yako, hata kama zote ni za matiti. Dawa na dozi hutofautiana. Homa ya nyuzi 38 ukiwa kwenye tiba kemia (hizo dawa za dripu) ni dharura, maana huenda chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi, zimepungua: nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri jibu la kundi la WhatsApp. Mitishamba nayo, baadhi huvuruga dawa. Itaje kliniki kabla ya kuinywa.

Kama umeanza tiba juzi na unaishi mbali, omba kwanza namba ya simu ya wodi. Kama dripu umeshazizoea ila moyo umechoka, mtafute mwenzako.