Kuongeza maji kwenye tangi la samaki bila kushika ndoo: kipi ununue kwanza

Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kugeuka mvuke, lakini chumvi hubaki. Tangi la maji ya bahari la lita 100, lenye gramu 35 za chumvi kwa lita, likipoteza lita 10 linafika karibu gramu 39. Matumbawe na kamba hawapendi kabisa kupandishwa na kushushwa hivyo. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yasiyo na chumvi, tena kidogo kidogo. Ukiwa pwani, onja kwanza maji ya kisima. Mengi yana chumvi.

Anza na ndoo ya akiba, yaani ile itakayolisha tangi maji ya kuongeza. Tangi lenye uso wa sm 60 kwa 30 likishuka sm 1 limepoteza lita 1.8. Ndoo ya lita 10 ikimwagikia humo yote, maji yanapanda karibu sm 6 na sebule inalowa. Ndoo ya lita 5 haifiki sm 3. Chukua ndogo, uwe unaijaza mara kwa mara. Hakuna kifaa kitakachokulinda kuliko hilo.

Namba moja kwangu ni floti ndogo ya plastiki ya robo inchi, kama zile za vinywesheo vya kuku. Ndoo inakaa juu ya tangi, mpira wa maji unashuka hadi kwenye floti, nayo inafunga maji yakifika usawa wake. Haihitaji umeme, na kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa, hilo linatosha kuipa nafasi ya kwanza. Epuka ya shaba, kwa sababu shaba huua kamba na konokono. Epuka pia floti ya tangi la choo, ni kubwa mno. Dukani, ipulizie kwa mdomo huku umeinua mkono wake: hewa ikipenya, rudisha, uchukue nyingine. Nyumbani ifunike kwa kikapu chenye matundu, maana konokono mmoja akiukalia mkono wake, haitafunga au haitafungua.

Namba mbili ni swichi ya floti, inayowasha maji yakishuka na kuzima yakipanda, pamoja na pampu ndogo ya volti 12. Hii inafaa kama ndoo lazima ikae chini, ndani ya kabati. Nunua swichi mbili, si moja: ya pili iwekwe juu kidogo ya ya kwanza na ziunganishwe kwa mfululizo, ili ya kwanza ikikwama, ya pili ikate umeme. Swichi hizi zina sumaku na vikonyo vyembamba ndani, hivyo pampu inayokula umeme mwingi itaviunguza; hapo ongeza rilei, yaani swichi ya kati inayobeba umeme wa pampu badala yake. Pampu ya umeme wa ukutani usiiguse kwa kazi hii, mikono yako huwa imelowa. Ncha ya mpira iishie juu ya maji, na ndoo iwe chini kuliko tangi, la sivyo maji yataendelea kujivuta hata pampu ikizimwa.

Namba tatu ni seti ya dripu kutoka duka la dawa. Ni rahisi kupata na ina gurudumu la kupunguza matone. Ikiwa ya matone 20 kwa mililita, matone 25 kwa dakika hutoa lita 1.8 kwa siku. Ila haijui tangi limejaa au la, na kasi hupungua kadiri ndoo inavyoshuka. Itumie ukiwa nyumbani tu.

Chupa ya lita 1.5 iliyogeuzwa, mdomo ukigusa maji, ni bure na inafaa tangi dogo. Usiiweke penye jua: hewa iliyo ndani hutanuka na kusukuma maji nje.

Kuunganisha tangi moja kwa moja na bomba la nyumba sikushauri kwa bei yoyote. Bomba haliishiwi maji kama ndoo, na klorini yake inaingia mbichi kwa samaki.