Huawei E3372 kwenye Linux: soma herufi kabla ya kulipa

Kwa anayetumia Ubuntu, Mint au Debian na anataka modemu ya 4G ya kuchomeka kwenye USB, Huawei E3372 ndiyo ya kutafuta kwanza. Kiwandani imepimwa kushusha hadi Mbps 150 na kupandisha hadi Mbps 50, na draiva zake zimo tayari ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Hakuna cha kupakua kwa mtengenezaji. Shida ni kwamba jina hilo moja limebeba vifaa viwili vyenye tabia tofauti kabisa, na wauzaji wengi hawavitofautishi. Vua kifuniko usome kibandiko: E3372h kwa kawaida ni HiLink, E3372s ni "stick", yaani modemu ya kawaida.

HiLink ni ruta ndogo. Inajiunga yenyewe na mtandao wa simu, kisha kompyuta inaiona kama waya wa LAN uliochomekwa. APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) na PIN unaziweka kwenye kivinjari kwa kufungua 192.168.8.1. Kwa laini ya Safaricom, kwa mfano, APN ni safaricom, jina ni saf na nywila ni data. Kwa anayetaka intaneti tu, hili ndilo toleo la kununua, na haliulizi mengi.

Kinachowashinda wengi ni hatua ya kwanza kabisa. Modemu ikichomekwa hujitambulisha kama CD yenye programu za Windows, na lazima igeuzwe ndipo iwe modemu. Kazi hiyo ni ya usb_modeswitch. Andika lsusb kwenye terminali: ukiona 12d1:1f01, bado ni CD, 12d1:14dc ni HiLink iliyokwisha kugeuka, 12d1:1506 ni stick. Amini namba hizi kuliko kibandiko, kwani kuna E3372h zilizobadilishiwa programu ya ndani. Ikikwama kwenye 1f01, igeuze kwa mkono:

sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1f01 -J

Ubuntu ya kawaida huja na programu hiyo. Debian iliyosakinishwa kwa vitu vichache huenda isiwe nayo, na bila intaneti huwezi kuipata. Chomeka simu ya Android kwa waya, washa kushiriki intaneti kwa USB, kisha:

sudo apt install usb-modeswitch modemmanager

Kama una maelekezo ya zamani ya wvdial au Sakis3G, programu za kuunganisha modemu, yaweke kando. Yanatafuta mlango wa modemu uitwao /dev/ttyUSB0, na HiLink ya kawaida haina kitu hicho. Utahangaika na kosa ambalo halihusiani na modemu yako.

HiLink ina kasoro tatu ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua. Ya kwanza, nyingi zina anwani moja ya MAC (kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao), 0c:5b:8f:27:9a:64, hivyo ukichomeka mbili kwenye kompyuta moja zinagongana. Ya pili, ruta nyingi za nyumbani za Huawei nazo hutumia 192.168.8.1, ukiwa kwenye Wi-Fi ya ruta kama hiyo, badilisha anwani ya mojawapo. Ya tatu ndiyo inayokula pesa: NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, huipa njia ya waya kipaumbele cha 100 na Wi-Fi 600, na namba ndogo ndiyo inayotangulia. Maana yake, Wi-Fi ya bure ofisini ikiwa imewashwa na modemu imechomekwa, data inapita kwenye modemu na bando lako linaisha. Pata jina la muunganisho kwa nmcli con, kisha:

nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.route-metric 700

Uzime na kuuwasha tena ili badiliko lishike.

Toleo la stick linataka kazi zaidi lakini linakupa udhibiti. Hapa ModemManager, programu inayosimamia modemu, ndiyo bwana. mmcli -L itaonyesha modemu na namba yake; kama laini ina PIN, mmcli -i 0 --pin=1234. Kisha:

nmcli con add type gsm ifname '*' con-name laini apn safaricom

Faida yake kubwa kwetu ni ujumbe na salio. Amri ya mmcli -m 0 --messaging-list-sms huorodhesha SMS zilizoingia, na mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate="*144#" huuliza salio la Safaricom bila kuchomoa laini. Anayeweka kompyuta shambani au dukani na kuisimamia akiwa mbali achukue hili.

Kukatika-katika mara nyingi si kosa la mtandao. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na modemu ikiwa mbali na mnara huvuta umeme mwingi inapopandisha data. Ukichomeka kwenye kigawanyi cha USB kisicho na umeme wake, dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, itajaa "USB disconnect". Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Taa husaidia kubaini: samawati-kijani ni 4G, bluu ni 3G, kijani ni 2G.

Kabla ya kununua angalia namba ndogo baada ya herufi. E3372h-153 inashika bendi (masafa ya 4G) 1, 3, 7, 8 na 20, na inafaa Kenya ambako 4G ipo kwenye megahezi 800 na 1800, yaani bendi 20 na 3. E3372h-607 haina bendi ya 20 bali ina ya 28, yaani megahezi 700, ambayo Tanzania iliipiga mnada mwaka 2018. Ukikosea hapa utabaki na 3G mahali ambapo simu ya jirani ina 4G, na hakuna amri itakayorekebisha. Zote mbili zinatumia laini ya ukubwa wa zamani. Kadi ya nano inahitaji fremu, na fremu mbovu hung'oa miguu ya ndani wakati wa kuchomoa. Mwambie pia muuzaji aijaribu kwa laini ya kampuni unayotumia, maana nyingi zimefungwa kwa kampuni moja.

Mwisho, iambie Linux kwamba data ni ya kulipia: nmcli con mod laini connection.metered yes (kwa HiLink weka jina la muunganisho wake badala ya laini), na kwa Ubuntu ongeza sudo snap set system refresh.metered=hold.