Kupimiwa Oili ya Gia Boksi Isiyo na Dipstiki: Huduma ya Gereji Moja ya Isevya, Tabora

Mwenye gari la otomatiki anayejibadilishia oili ya gia boksi nyumbani hapati shida kubwa katika kumwaga na kujaza. Shida huja baadaye, anapotaka kuwa na hakika kwamba oili iliyomo ndani haikuzidi wala haikupungua. Tathmini hii inahusu huduma ya kupima kiwango hicho inayotolewa na gereji moja ya hapa Tabora, upande wa Isevya, na niseme mapema kwamba naiona ni huduma nzuri, ingawa ina upungufu ambao ningependa urekebishwe.

Gari langu ni Toyota Mark X la toleo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa mwaka 2004, lenye injini ya lita 2.5 na gia 6. Gia boksi yake hutumia oili ya Toyota iitwayo WS na haina dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili. Badala ya dipstiki kuna tundu la kujazia ubavuni na tundu jingine chini, kwenye karai ya oili, ambalo ndani yake kumesimama kibomba kifupi. Nati ya chini inapofunguliwa, oili iliyo juu ya ncha ya kibomba hutiririka nje. Mtiririko ukipungua na kuwa matone, kiwango kimefika pale kinapotakiwa. Lakini jambo hilo ni kweli kwa sharti kwamba injini inaunguruma kwenye sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, gari limesimama sawasawa bila kuinamia upande wowote, na oili ina joto lililowekwa na mtengenezaji, ambalo kwa gia boksi hii ni katika eneo la nyuzijoto 40 za Selsiasi.

Sharti la joto ndilo linalopuuzwa zaidi, na ndilo lililonifanya niitafute huduma hii. Oili hutanuka kwa takriban asilimia 0.7 hadi 0.8 kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, hivyo gia boksi yenye lita 7, ikipanda kutoka nyuzi 40 hadi 80, huonekana kama imeongezewa lita 0.2 ilhali hakuna tone lililoongezwa. Anayefungua nati oili ikiwa moto sana atamwaga oili iliyokuwa inahitajika, na anayefungua ikiwa baridi atajaza kupita kiasi. Injini iliyozimwa nayo hupotosha kipimo, kwa sababu sehemu ya oili iliyokuwa ikizungushwa na pampu hurudi kwenye karai na kuinua kiwango.

Madhara ya kukosea si madogo. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, gia huchelewa kushika au huteleza, na klachi za ndani huungua. Ikizidi, sehemu zinazozunguka huipiga mpaka ikatoa povu, na povu lina hewa, kwa hiyo shinikizo hushuka na gia huanza kuteleza vilevile. Kwa kuwa dalili za hali hizo mbili hukaribiana sana, mtu anayeongeza oili kila anapohisi gia inateleza anaweza kuwa analizidisha tatizo lenyewe.

Kabla ya Isevya nilikwenda kwenye gereji nyingine ya mjini, ambayo sitaitaja. Fundi wa huko alitaka kufungua nati ya ubavuni, injini ikiwa imezimwa, na kujaza mpaka oili imwagike, kama inavyofanywa kwenye gia boksi za manyuo. Nilimshukuru nikaondoka. Sina shaka kwamba alikuwa na nia njema, lakini njia hiyo si ya gia boksi hii, na wenye magari wanapaswa kujua kwamba wana haki ya kukataa.

Kule Isevya mambo yalikuwa tofauti tangu mlangoni. Fundi mkuu, baada ya shikamoo, aliuliza maswali matatu kabla hata hajagusa boneti: nimetia oili ya aina gani, ilitoka kiasi gani, na gari limetembea umbali gani leo. Nilimweleza kwamba nilimwaga lita 3 na kidogo kwenye chupa zenye alama, na kwamba nilirudisha kiasi kilekile cha WS. Alilichukua kopo nililobakiza akalisoma, kwa sababu WS na ile ya zamani ya T-IV hazibadilishani, na kopo zake hufanana kwa asiyetazama vizuri. Kisha akasema, “Mzee, gari limetoka juani na limetembea. Tukilipima sasa tutakudanganya. Liache lilale hapa, uje asubuhi.”

Jibu hilo lilinipa imani. Tabora ya Septemba na Oktoba ni ya jua kali, na gari lililoegeshwa nje mchana huwa na oili iliyokwisha pata joto kabla injini haijawashwa. Ukiliwasha, nafasi ya kufanya kazi kabla oili haijapita nyuzi 45 huwa fupi mno. Gari lililotoka Nzega au Urambo kwa mwendo wa barabara kuu ndilo gumu zaidi, kwani gia boksi yake huhitaji saa nyingi ili ipoe. Gereji hii imeupanga utaratibu wake kwa kufuata hali hiyo: magari ya kupimwa hupokelewa jioni, hulala ndani ya uzio, na hupimwa alfajiri kabla kazi nyingine hazijaanza. Sijaona gereji nyingine mjini inayojali kiasi hicho.

Asubuhi gari lilikuwa tayari juu ya shimo, na fundi aliweka pimamaji ya waashi kwenye kizingiti cha mlango, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana wa sakafu ya gari. Tairi moja ya nyuma iliwekewa kipande cha ubao ili kiputo cha pimamaji kikae katikati. Alichomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, akawasha injini, akapitisha mkono wa gia polepole kutoka P hadi mwisho na kuurudisha, akisimama kidogo katika kila nafasi ili oili iingie katika njia zote. Kwa wasio na mashine, alinionyesha kwamba Toyota nyingi za aina hii zina njia nyingine: ukiunganisha kwa waya pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, kisha ukahamisha gia kati ya N na D mara kadhaa, taa ya D huwaka joto likifaa na humetameta likizidi.

Mashine iliposoma nyuzi 40, nati ya chini ilifunguliwa. Oili ilitiririka katika chombo safi chenye alama, ikafika karibu nusu lita kabla ya kugeuka matone. Maana yake ni kwamba aliyelijaza gari hilo kabla halijafika kwangu alizidisha, na kurudisha kiasi kilekile kilichotoka kuliirudisha ziada ile. Kupima ulichomwaga ni mwanzo mzuri wa kazi, lakini hakuwezi kuchukua nafasi ya kipimo chenyewe.

Upungufu wa kwanza ni kwamba hawatoi karatasi yoyote yenye joto lililosomwa na kiasi kilichotoka au kuongezwa. Mteja angeihitaji karatasi hiyo siku gari likileta shida, na fundi atakayefuata angeihitaji zaidi. Wa pili ni washa, yaani pete ya kuzuia uvujaji, ya nati ya chini: hawakuwa na mpya, na kama nisingekuja na yangu wangerudisha ile kuukuu iliyokwisha bonyea. Nati hiyo pia ilikazwa kwa kukadiria mkono, jambo ambalo sikulipenda, kwani karai ni laini na nyuzi zake za kukazia nati zikiharibika gharama yake si ya kuchezea.

Wenye IST, Spacio na magari mengine yenye dipstiki ya gia boksi hawahitaji kulipia huduma hii. Waendeshe mpaka oili ifikie joto la kazi, nyuzi 70 hadi 80, waegeshe mahali tambarare, waache injini kwenye sailensa, wapitishe gia zote na kurudi P, kisha wafute dipstiki kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na kusoma kwenye alama za HOT, si za COOL. Honda zina utaratibu wao wa kuzima injini kwanza. Kwa magari ya CVT, yaani yenye gia boksi isiyo na hatua za gia, fundi alisema wazi kwamba hawapokei kwa sasa kwa sababu hawana oili zake, na naliheshimu jibu hilo kuliko ahadi.

Nililipa shilingi 25,000, pamoja na gari kulala. Anayekwenda achukue washa mpya, kopo la oili ileile aliyotumia, na aandike kiasi alichomwaga. Kumwaga mara moja hakutoi hata nusu ya oili yote, kwa kuwa iliyobaki hukaa kwenye toki konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, hivyo nitabadilisha tena baada ya muda na gari litarudi Isevya kupimwa, jioni, likalale.